Kofia ya Vitobo

Msellem alisimama nyuma ya pazia la chumbani, roho mkononi. Ukumbini, askari alikuwa akimpa mke wa Msellem kofia.

"Shikamoo, mama. Mji mzima wakusifu kwa kushona. Hii waweza kuijua ni kazi ya nani?"

Jana magharibi, kwenye barabara ya Mambrui, pikapu ya Msellem ilimgonga mtu wa baiskeli. Alishuka akamwinamia, kofia ikamdondoka. Yule mtu alimshika kanzu, akamwomba maji. Msellem akajinasua, akarukia gari, akaenda zake. Nyumbani alisema kofia imechukuliwa na upepo.

Sasa alimwona mkewe akiiinua penye mwanga wa dirisha, kidole kikipapasa vitobo kimoja kimoja, kama alivyokuwa akivishona usiku na mchana mwaka jana. Sema huijui, Msellem aliomba kimoyomoyo. Sema ni ya Lamu.

Uso wa mkewe ukakunjuka.

"Mkono wangu huu, mwanangu! Mola akulipe kheri." Kisha akaligeukia pazia, sauti imejaa furaha. "Msellem! Njoo, kofia yako imeonekana!"