Jasusi wa Nandutu

Jasusi alikuwa ameshatupwa nje ya ndege bila mwavuli, na kabla hajafika chini kibanda kizima cha video kilikuwa kinagombana.

"Uongo mtupu," alisema Wanyera, ambaye huendesha bodaboda kati ya Namatala na Nkoma na hujiona bingwa wa kila kitu chenye magurudumu. "Sasa ataangukia pikipiki, nayo itaendelea kwenda, na suti haitachanika. Mimi nikipita kashimo tu na abiria mnene, springi zinalia."

"Nani alikwambia watu wanakuja hapa kutafuta ukweli?" Racheal akamjibu. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, mpangaji wa Nkoma, na filamu hiyo aliipenda bila aibu. "Ukweli tumeuacha nyumbani, bwana. Mwache aruke."

Jasusi akaangukia pikipiki. Suti haikuchanika. Nusu ya kibanda ikapiga makofi, nusu ikasonya.

Katika haya yote Nandutu hakutia neno. Mama huyo muuza nyanya alikuwa na mahali pake, chini kabisa ya spika, ambapo mtu mwenye akili zake hakai, maana masikio yanauma na picha unaiona kwa upande. Kila mchana Wamboga, mwenye kibanda, alipoweka filamu hii, Nandutu aliziacha nyanya zake kwa jirani akaja. Filamu nyingine hazikumhusu. Basi watu wakamtania: mtu mzima ovyo, mama kampenda jasusi. Yeye alitabasamu tu, akawaacha wamalize wenyewe.

Jambo moja ndilo lililowapatanisha Wanyera na Racheal, nalo ni kumchukia msimulizi. Filamu za vibandani huwa na VJ, anayezungumza juu ya Kiingereza cha wenyewe ili sisi wengine tuelewe kinachoendelea, na baadhi yao hawajui kunyamaza. Huyu ndiye aliyekuwa mfalme wao. Jasusi akiwa bado hewani, VJ alimtilia maneno yake mdomoni: "Mama, funika chakula, nakuja." Na maadui walipomfunga jasusi kwenye kiti wakamwonyesha kisu, naye akawatazama bila kupepesa macho, VJ akacheka. "Mimi hapo ningekimbia, jamani. Nilishakimbia."

Hapo ndipo Wanyera alipokasirika kwelikweli. Kwao Wagisu, kijana husimama wima mbele ya kisu cha tohara huku ukoo mzima unamtazama. Anayekimbia huacha aibu nyumbani, na hata jina lake watu hawalitaji.

"Mwanamume mzima anatangaza woga wake kwenye spika," alisema. "Wamboga, hiyo toa. Toa leo."

"Iacheni ilivyo," alisema Nandutu, akiinuka.

Watu wakageuka. Wengi wao hawakuwahi kuisikia sauti yake humo ndani.

"Tafadhalini, wanangu. Iacheni tu."

"Mama, jasusi wako haendi popote," Racheal akamwambia kwa upole. "Tatizo ni huyu mpiga domo. Filamu hiihii ipo na VJ mkubwa wa Kampala. Nitamletea Wamboga, aiweke kwenye flashi, na kila mtu atafurahi."

Wamboga alikuwa amechoka na ugomvi uliomfukuzia wateja, kwa hiyo akaona ameokoka. "Na huyu wa zamani hatalalamika," alisema. "Kijana wa watu alishafariki. Nilisikia Jinja, nilikoenda kununua filamu. Gari lilimgonga mtaani Mpumudde, wakamzika hukohuko. Hawakujua kwao ni wapi."

"Pole yake," alisema Racheal.

Nandutu akakaa chini taratibu, mkono ukitafuta benchi. Aliyekuwa karibu akamsogezea, akidhani ni magoti.

Kesho yake alifika kabla hata mlango haujafunguliwa. Nyanya hakuwa amezipanga siku hiyo, na kitenge alikuwa amekifunga vibaya. Aliingia wa kwanza, akaenda palepale chini ya spika, akaegemeza kichwa ubaoni na kufumba macho.

Filamu ikaanza. Jasusi akatupwa nje ya ndege, na sauti mpya, nene, ikanguruma kuhusu ndege hiyo iko juu kiasi gani na upepo una kasi gani. Jasusi akaangukia pikipiki. Hakuna aliyezungumza habari za chakula. Kibanda kizima kikapiga makofi, Wanyera naye akiwemo, akisema kwamba sasa hata uongo wenyewe unaingia akilini.

Nandutu alifumbua macho. Akainuka, akapita mbele ya picha, kivuli chake kikimfunika jasusi, na watu wakamzomea akae. Hakukaa. Alikwenda hadi kwenye meza ya Wamboga.

"Ile ya jana iko wapi?"

"Nimeifuta, mama. Flashi ilikuwa imejaa."

"Irudishe."

"Hairudi ikishafutwa. Na yule aliyeniuzia amefunga duka."

"Jaribu, mwanangu. Nakuomba."

Wamboga alibonyeza hapa na pale, ili tu asionekane mkatili. Hakukuwa na kitu. Alimtazama yule mama aliyesimama mbele yake, akashindwa kuelewa amemkosea nini.

"Lakini mama, shida iko wapi?" akasema, akinyoosha kidole kwenye picha. "Jasusi wako si huyo? Tazama, ni yuleyule."

Nandutu hakugeuka kutazama.

"Huyo anayeruka simjui," alisema. "Mimi nilimzaa yule aliyekuwa akiniambia nifunike chakula."