Kamshafti Inayofaa

Sufian aliipeleka kamshafti ya kwanza aliyoletewa na mwendesha boda, mtaimbo wenye nundu za kufungulia valvu za injini, kwenye mwanga wa mlango wa gereji yake, pale Kisenyi, akatikisa kichwa.

"Nundu zake ndefu mno. Injini yako ni ya kiwandani, haijaguswa. Ukifunga hii utapata kelele tu, na ukiwa na abiria kilima cha Nakasero kitakushinda."

"Basi tazama hii nyingine, fundi," alisema yule mwendesha boda. "Nimeinunua jana, mtumba."

Sufian akaifuta grisi. Nundu zilikuwa zimepigwa tupa, kidogo kidogo, na mkono usio na haraka. Pembeni palichongwa mwezi mchanga.

Mwezi ule aliuchonga yeye. Kamshafti ya namna hii alitengeneza moja tu maishani, ya pikipiki ya mdogo wake, aliyepeleka abiria Kawempe kabla ya Ramadhani na hakurudi, yeye wala pikipiki.

"Vipi, itafaa?"

"Inafaa kabisa," alisema Sufian. "Ilitengenezewa injini kama yako."

Akainamia pikipiki ya mteja, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Kaa kitako, ndugu yangu, tunywe chai. Unieleze aliyekuuzia."