Miche Saba ya Ngedere

Fuko alikuwa na kisima, na kisima kisichotekwa maji huoza. Aligawa mahindi ya bure kuwavuta wanyama. Wakala, wakarudi mtoni kwao. Akajiuliza: ni zawadi gani humrudisha aliyepewa?

Mara ya pili akagawa miche ya mipapai, ya kupandwa papo hapo kisimani, mmoja kwa kila jina. Ngedere akapanga foleni mara saba, kwa majina saba.

"Mzee, huyu ni yule yule," Kobe karani akanong'ona.

"Hata mimi nisiyeona nimemnusa. Yaandike yote saba."

Miche saba ilitaka maji kila siku, na mto ulikuwa mbali. Mipapai ilipozaa, Ngedere alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kisima, mkali ajabu kwa wenye majina mawili.