Mpeleka Habari

Viatu vya maiti vilikuwa vimefungwa fundo gumu, lile ambalo Rosa Kiden, mhudumu wa wodi ya dharura, hulikata kwa mkasi. Mkasi ulikuwa tayari mkononi. Sista Kadijah alimzuia, akainama, akalifungua fundo kwa vidole bila hata kulitazama. Akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akaviweka sawa chini ya kitanda.

Marehemu aliitwa Hakim. Alikuwa wakala wa forodha kule mpakani Oraba. Asubuhi hiyo pikipiki yake ilikutana na lori kabla ya kuingia Koboko, na Shafiki, dereva wa ambulensi, alimkimbiza hadi hospitali ya Arua akiwa bado anapumua. Siku nyingine Shafiki akifungua mlango wa nyuma hupaza sauti, "Barafu, nimekuletea kazi!" Leo alifungua, akasimama kando, akatazama matairi.

Barafu ndilo jina walilompa Kadijah, naye hakulikataa. Tangu lori la mafuta lilipoungua mwaka uliopita, na wodi ikajaa watu ambao hata mama zao hawakuwatambua, kitu fulani ndani yake kilikuwa kimenyamaza. Aliona, alisikia, mikono ilifanya kazi. Ila mambo yote yalimfikia kama mazungumzo ya watu walio chumba cha pili.

Baada ya moto ule aliletwa mshauri wa nasaha, Nora, akawakusanya wafanyakazi stoo na kuwauliza mmoja mmoja wakifika nyumbani hufanya nini. Shafiki alisema hukaa ndani ya gari mpaka injini ipoe. Rosa alisema huimba.

"Mimi iko na mutu moja," Kadijah alisema. "Yeye hapana uliza kitu. Nikifika, yeye anatoa viatu yangu, analeta chai. Basi."

"Huyo mutu, shika yeye sana," Nora alimwambia. "Na hii kazi ya kuambia watu habari ya kifo, achia wengine kidogo."

Lakini wengine hawakuiweza, kwa hiyo waliendelea kumwita. Hakufundishwa na mtu. Siku ya moto, mwanamke mmoja alipata habari ya mwanawe kwa simu, sokoni, mbele ya wanunuzi wa nyanya, na Kadijah ndiye aliyempokea alipoletwa hospitali. Toka hapo alijiwekea utaratibu. Vua glavu. Keti, usisimame juu ya mtu. Sema "amekufa", ukisema "amepumzika", atakuuliza anaamka lini. Kisha nyamaza, na usiwe wa kwanza kuondoka.

Daktari Umaru, ambaye hiyo ilikuwa wiki yake ya kwanza hapo, aliifunika maiti.

"Ndugu yake iko?"

"Mama yake iko kwa benchi," alisema Rosa. "Yeye anajua tu mtoto iko na dokta. Lakini watu ya Oraba wameanza kupiga simu. Sasa hivi mtu atamwambia vibaya."

"Na mke? Ana mke?"

Rosa alitazama sakafu. Shafiki alikohoa.

"Iko," alisema Kadijah. "Naanza na mama."

"Sista, leo wacha," Shafiki alisema. "Walahi, leo si wewe. Dokta aende."

"Dokta ni mgeni. Mama hatamwamini."

"Basi mimi."

"Wewe? Wewe unalia hata kama ni kuku imegongwa."

Shafiki hakucheka.

Kadijah alivua glavu, akatoka. Katika ukumbi wa nje watu walimpisha kama wanavyompisha kila siku. Alijipima njiani: moyo shwari. Alitaka jambo moja tu, kwamba simu isimtangulie.

Hajati Medina, mama yake Hakim, alikuwa mwisho wa benchi, tasbihi mkononi, bakuli lililofungwa kitambaa magotini, simu juu ya bakuli. Kadijah alipomkaribia, simu ikaanza kulia. Mama alinyoosha mkono. Kadijah aliiwahi, akaizima, akaketi kando yake.

"Mama," alisema. "Pikipiki iligongana na lori. Shafiki alimleta mbio. Dokta alifanya yote. Hakim amekufa."

Tasbihi ikasimama.

Kadijah alinyamaza, akingoja. Wengine hupiga mayowe. Wengine huuliza aliumia sana, alisema nini, nani alikuwa naye. Wapo waliowahi kumpiga ngumi kifuani. Majibu ya hayo yote alikuwa nayo, yamepangwa tayari.

Mama hakupiga mayowe. Aliliweka bakuli chini kwa uangalifu, lisimwagike. Akavua mtandio wake mweupe, akamfunika nao Kadijah kichwani, akaushusha hadi mabegani, akauvuta mbele mpaka uso ukawa kivulini.

"Na wewe, mke ya mtoto yangu," alisema kwa sauti ya chini, "wewe nani alikuambia?"