Oili Rangi ya Asali

Nilikinga kidebe chini ya mashine ya boti, nikalegeza nati ya kumwagia oili. Nilitarajia itoke nyeusi kama lami, maana tangu tumzike baba hakuna aliyeigusa. Mnunuzi alikuwa anakuja alasiri.

Oili ikatoka rangi ya asali. Niliisugua kati ya vidole, na vidole vikabaki safi.

Mama alisimama mlangoni mwa banda, mikono kiunoni. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania boti iuzwe. "Inanijazia banda tu," alisema kila nilipokuja. Enzi za baba, alikuwa akimfukuza jikoni kwa harufu ya hiyo hiyo oili.

"Mama, nani ameibadilisha hii?"

"Ulitaka ioze?"

Akachuchumaa kando yangu, akasubiri tone la mwisho, kisha akairudisha nati kwa ncha za vidole, ameinamisha sikio kama anayesikiliza mlango wa jirani. Baba alikuwa akiinama hivyo hivyo.

"Kwanza mkono, spana baadaye," akasema. Hayo pia yalikuwa maneno ya baba.

Alijifuta mikono kwenye gauni.

"Huyo mnunuzi anaijua nyumba?"

"Anaijua."

"Basi kafunge geti."