Zidisha kwa Kumi

Kila Ijumaa mke humpima mumewe damu, mlinzi akishuhudia. Ndiyo sheria ya mgodi. Shaba ikivuka tano, basi mume kameza mali ya kampuni, na anapasuliwa tumbo papo hapo uani ili itafutwe. Wiki jana walimpasua jirani yetu, na inzi bado hawajaondoka pale.

Asubuhi hiyo mume wangu, Kabuya, alikuwa ameshaning'oa jino kwa ngumi, eti uji umepoa. Nilipotia dawa kwenye damu yake, ikawa buluu nzito ambayo mwanga wa mashine ya kupimia hauwezi kuipenya. Nikaizimua kwa maji mara kumi, nikaiweka.

Mlinzi akasoma. "Nne. Mzee yuko salama."

Kabuya akacheka, akanikonyeza.

Nikatema damu. "Afande, niliizimua. Zidisha kwa kumi."

Kabuya alipiga mayowe mpaka kisu kilipofika mbavuni. Mlinzi na wenzake walimchakura utumbo kwa mikono mitupu, wasipate hata punje. Wangepata wapi? Mrututu, ile chumvi ya shaba niliyokuwa nikimtilia kwenye uji wiki nzima, huyeyuka wote.

Mlinzi akajifuta mikono kwa kanga yangu, kisha akanipa kichupa kisafi.

"Nyumba isiyo na mume, hupimwa mke. Lete kidole, mama."

Nilimpa. Kabuya hakuwahi kumwamini mtu. Kila asubuhi, kabla hajaugusa uji, alinisimamia nionje vijiko vitatu.