Saini ya Jirani

Didier alitia saini kabla Amisa hajamaliza kueleza anachotaka kujenga.

Aliilaza karatasi juu ya boneti ya gari lake, akaandika jina lote, akairudisha. "Jenga, mama," alisema. "Jenga mpaka uguse ukuta wangu. Jirani ni jirani."

Amisa nusura alie. Alikuja amejiandaa kwa maneno makali, maana pale mtaani kwao La Rochelle watu wamepelekana polisi kwa ajili ya mpaka. Manispaa inataka mwenye nyumba aache nafasi kati ya jengo lake na kiwanja cha jirani. Anayetaka kujenga ndani ya nafasi hiyo sharti aombe ruhusa mbele ya kamati, na jirani akipinga, mambo yanakuwa magumu. Naye Amisa hakuwa na pengine pa kujenga ila kile kichochoro kati ya jiko lake na ukuta wa nyuma wa Didier.

Chumba alichotaka kujenga kilikuwa cha binti yake, Lerato. Lerato alikuwa akiishi mtaa wa Berea na mtoto mchanga, katika ghorofa lisilo na maji ambalo wapangaji wake walikwisha kuamriwa kuhama. Mtoto alikuwa akikohoa tangu baridi ianze. Amisa aliogopa sana kwamba angekuja kuitwa kumzika mjukuu. Mumewe, aliyemwoa Morogoro alipokuwa mkimbizi wa siasa huko, kisha akamleta kwao, alikuwa marehemu, na ndugu za mume hawakuwa watu wa kuombwa kitu. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, alijiambia, akapika pilau akampelekea Didier.

Alijua jirani huyo anakaa peke yake. Mkewe, Belyse, alikuwa Durban kwa dada yake tangu Pasaka.

"Hata mimi hakuniaga," Amisa alisema. "Na tulivyozoeana."

"Aliondoka haraka, mama. Dada alizidiwa."

Sahani ya jirani hairudishwi tupu, hilo hata Mrundi kama Didier analijua. Kesho yake Didier aliileta imejaa maharage ya mawese na ndizi, pilipili imewekwa pembeni kwa sababu ya vidonda vya tumbo vya Amisa.

"Kumbe unajua kupika, baba?"

"Mke akiwa mbali, mwanamume anajifunza."

Amisa alicheka, akala yote. Jirani anayekumbuka hadi tumbo lako, unataka nini tena? Kero ilikuwa moja tu, redio. Iliimba kwaya kutwa nzima, hata Didier mwenyewe akiwa Jeppestown kwenye karakana yake, anakochomelea mageti na nondo za madirisha. Na nyimbo zikipumzika kidogo, mabomba yanagonga.

"Nyumba imezeeka, mama," Didier alimwambia. "Nikipata nafasi nitayatengeneza."

Siku ya kamati alifunga karakana, akavaa suti, akaja kumsemea. Mwenyekiti, mama mnene mwenye miwani, alizitazama kwa muda mrefu picha zilizopigwa na mkaguzi wa manispaa. Kisha akaweka kidole juu ya mojawapo. Katika ukuta wa Didier, upande wa kichochoro, palikuwa na dirisha dogo lenye nondo, kioo kimepakwa rangi nyeusi.

"Chumba kikijengwa, dirisha hili litazibwa," alisema. "Hatuwezi kuruhusu kuziba dirisha la chumba anachokaa mtu. Nani anakaa humu?"

"Hakuna mtu. Ni stoo," Didier alijibu. "Vyuma na makopo ya rangi."

Mwenyekiti akamgeukia Amisa. "Mama, wewe ndiye unayepita hapo kila siku. Ni kweli?"

Amisa hakuwahi kuingia katika stoo ile. Mwenye njaa hana miiko, na yeye wakati huo alikuwa akisikia kikohozi cha mjukuu wake tu.

"Ni kweli," alisema. "Namjua jirani yangu."

Ruhusa ikatoka palepale.

Mafundi walifanya kazi upesi. Redio ya Didier ilipandishwa sauti hadi wakawa wanaongea kwa ishara, lakini nani angemlaumu, wakati kila mchana aliwaletea soda baridi? Ukuta ulipofika kwenye dirisha, alikuja mwenyewe. Alikunja mikono ya shati, akamwomba fundi mwiko, akayapanga matofali ya mahali pale kwa mkono wake. Mafundi walimtania kwamba kuchomelea kumemshinda. Amisa alimwombea dua kwa sauti, Mungu amzidishie, amrudishie na mke wake salama.

Lerato alihamia Jumamosi. Mtoto alinyonya, akalala, wala hakukohoa. Amisa aliketi ukingoni mwa kitanda akimtazama anavyopumua, na hofu yote ya miezi ile ikamtoka.

Mara umeme ukakatika mtaa mzima.

"Eish," Lerato alinong'ona. "Tumeanza."

Kwaya ilikatika katikati ya ubeti, na kimya kikaingia mpaka ndani ya chumba. Mabomba yakaanza kugonga, karibu kuliko yalivyowahi kusikika. Amisa aliinuka, akaweka kiganja kwenye ukuta mpya ambao rangi yake ilikuwa bado mbichi.

"Haya mabomba yatamwamsha mtoto," alisema. "Leo nitamwambia Didier."

Kugonga kukakoma. Nyuma ya matofali, usawa wa kiganja chake, sauti ya mwanamke ikasema taratibu, kama mtu anayeogopa kuudhi: "Mama Lerato, ni mimi Belyse. Nakuomba, waambie mafundi waniachie hata tundu la tofali moja."